Kamba ya Kisima cha Mwatima

To. To. To-to. To.

Mlio ulimfikia Inspekta Bibiana Mntambo kabla hajazima injini ya gari. Ubao ulikuwa unagongwa nyuma ya nyumba, mapigo hayalingani, kama fundi anayepigilia jeneza huku mawazo yake yako kwingine. Aliteremka, akasimama kusikiliza. Kisha akazunguka nyumba, na ndipo alipoona kwamba si fundi. Alikuwa punda wa kijivu, kaupa ulimwengu mgongo, anaupiga mlango wa banda kwa kwato za nyuma.

"Tangu Jumamosi hajatulia," alisema mwanamke aliyeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakata mchicha kwa wembe. Hakuinuka. "Mume wangu mmemchukua, huyu ndiye mliyeniachia."

"Pole, dada Leticia."

"Nimeshapoa. Umekuja kumkamata na yeye?"

Bibiana alimtupia punda jicho. Alikuwa amekuja hapa Pongwe kumtazama punda huyo, aitwaye Tarishi, kwa kuwa hakuna askari aliyejisumbua kumtazama. Jumamosi, kwenye mbio za viunzi katika shamba la mkonge lililoachwa kando ya barabara ya Muheza, Tarishi alikuwa amepandwa na mtu aitwaye Uweso. Kwenye kiunzi cha tatu Uweso akaanguka, watu wakamwona akiinuka mwenyewe. Usiku ule ule akafa nyumbani kwa mama yake, Ngamiani. Kulipokucha, kaka yake Mjaka akaingia kituoni na hatamu ya punda mkononi, imekatwa kwa kisu, akasema hii ndiyo iliyomwangusha mdogo wake, na aliyeikata ni mwenye punda, Manase. Watu walikuwa wamemsikia Manase akigombana na marehemu kabla ya mbio. Ikatosha. Kesho Manase angesomewa shtaka la mauaji.

Ilitosha kwa kila mtu isipokuwa daktari aliyeikagua maiti kabla ya maziko. Yeye alikuwa amemwambia Bibiana maneno machache: kuna jeraha kwenye kipaji cha uso, limevimba, lilipata saa nyingi za kuvimba, kuna jingine kisogoni, halikupata muda huo. Na mkono wa kulia, kwenye kifundo, ngozi imechunwa pande zote.

Bibiana alimkaribia punda kwa ubavuni. Shingoni alikuwa amefungwa kamba ya nailoni ya buluu. Aliifuata kwa vidole hadi mwisho wake. Palikuwa na kitanzi kidogo, na ndani ya kitanzi pameshika kutu.

"Kamba hii ni yenu?"

"Yetu wapi. Alirudi nayo. Mjaka ndiye aliyemleta, baada ya isha, akamfunga hapo, hata hodi hakupiga vizuri. Nikamuuliza, hatamu yetu iko wapi, ile ya katani aliyoisuka mume wangu mwenyewe? Akasema imepotelea mbioni." Leticia alisukuma mchicha pembeni. "Kulipokucha nasikia hatamu iliyopotea iko polisi."

"Hukuwaambia askari waliokuja?"

"Nani aliniuliza? Waliniuliza kisu cha jikoni kiko wapi. Nikawapa. Ndiyo maana unaniona nakata mboga kwa wembe kama mganga."

Bibiana aliinusa kamba. Ilinuka ukoga, ule unaoota mahali pasipofika jua.

"Mbio zenyewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nimezirekodi." Leticia alitoa simu kwenye pindo la khanga. "Ile picha inayozunguka kwenye magrupu, mimi ndiye niliyeituma. Ila wameikata. Wanaishia pale anapoanguka. Hakuna anayetaka kumwona mtu akiinuka."

Hata polisi waliishia hapo hapo. Bibiana aliiacha picha iende. Tarishi anakisogelea kiunzi cha tatu, milingoti ya mkonge iliyofungwa pamoja, kimo cha kiuno cha mtu mzima. Anaruka amechelewa. Mtu mwembamba, hana tandiko wala kofia, anarushwa mbele na kutua kwa uso. Vicheko. Mtu anapiga filimbi. Kisha, sehemu ambayo mji mzima ulikuwa umeitupa: Uweso anapiga magoti, anasimama, anajipangusa mdomo, anaikamata hatamu na kumvuta punda nje ya uwanja. Hatamu imenyooka kati yao. Ni nzima.

"Tafuta kamba nyingine umfunge," alisema Bibiana. "Hii naondoka nayo."

*

Manase aliletwa chumba cha mahojiano bila viatu. Alikuwa mtu mfupi wa mabega mapana, mjukuu wa manamba walioletwa kukata mkonge, mzee wa kanisa la Kilutheri, na punda wake wa mikokoteni walijulikana kwa kunenepa kuliko yeye.

"Mke wangu hajambo?"

"Hajambo. Mligombana nini na Uweso?"

"Nimeshasema."

"Uliwaambia wengine. Niambie mimi."

Manase alizitazama nyayo zake. "Nilimwambia ashuke. Nilitaka kumpandisha mtu mwingine."

"Kwa nini?"

"Aliniuliza kiunzi cha kwanza kiko upande gani. Uwanja ule, afande, aliupanda tangu hana ndevu. Nikajua kichwa kimekwisha. Nikamwambia, Uweso, shuka, kaa, nitakupa kazi ya mkokoteni. Akaniambia nikimshusha mbele za watu nimemzika. Hapo ndipo tulipopandishiana sauti."

"Alikuwa mpanda hodari?"

"Alikuwa mpanda wa kukodiwa." Manase alilisema kama anaeleza aina ya mti. "Hodari wanapewa punda wazuri. Yeye tulimpa wanaobaki. Anayeuma, mpe Uweso. Anayekataa viunzi, mpe Uweso. Pangani, Tongoni, Moa, mpaka kwao Pemba alivuka kupanda punda wa watu. Alivunjika mtulinga, huu mfupa wa bega, ukaunga, akauvunja tena pale pale. Siku za mbio hali kitu tangu alfajiri ya jana yake, awe mwepesi. Mwisho alikuwa mwepesi hata siku zisizo na mbio."

"Alishinda mara ngapi?"

"Mara moja. Pangani. Wote waliokuwa mbele yake walianguka." Midomo ya Manase ilicheza kidogo. "Alikuwa akiisimulia mwenyewe na kucheka kuliko sisi. Anasema, siku hiyo ilibidi nigeuke nyuma nihakikishe mbio hazijaahirishwa."

Bibiana aligeuza ukurasa wa daftari.

"Baada ya mbio punda alibaki na nani?"

"Na mpanda. Ndiyo taratibu. Mwenye mali anakwenda zake, mpanda anamtembeza punda mpaka apoe, jioni anamrudisha."

"Hata mpanda aliyeanguka?"

"Aliyeanguka ndiyo zaidi."

"Zaidi vipi?"

Manase aligeuza uso ukutani. Bibiana alikivuta kiti chake, akakaa karibu mpaka magoti yao yakakaribia kugusana.

"Baba, kesho unasomewa mauaji. Hiki si kitu cha kunifichia."

"Sikuwepo, afande. Nikisema nisiloliona nitamleta mtu mwingine akae hapa nilipokaa mimi, na hapa si mahali."

"Wewe sema. Kuona niachie mimi."

Manase alivuta pumzi. "Wana lao, hawa wa mbio, wao na wazee wao. Sisi wenye punda hatuliingilii, tunaondoka. Mtu akianguka kwenye kiunzi lazima arudishwe juu siku ile ile, jua halijazama, akiruke kile kile kilichomwangusha. Na anayemrudisha awe wa nyumba yake. Wanasema asiporuka, woga unakwenda kulala naye kitandani, na hatapanda tena maisha yake."

Koridoni alikuwa anamsubiri Afande Sabiri, mkuu wake, jalada la Manase likiwa tayari kwapani.

"Bibiana, hatamu imekatwa, watu wamegombana, mtu amekufa. Unataka nini tena, beti za kusindikizia?"

"Nataka mpaka jioni, afande."

"Na jioni?"

"Jioni nitakuletea jalada utakalolichukia."

*

Mjaka alikuwa na banda la kutengeneza baiskeli barazani kwa mama yake, Ngamiani. Alikuwa amepindua baiskeli, anazungusha gurudumu na kusikiliza palipopinda. Mguu wake wa kushoto haukukunjika. Yeye pia alikuwa mpanda, mpaka goti liliposema basi. Aliiona kamba ya buluu mkononi mwa Bibiana, na mkono wake ukalisimamisha gurudumu.

"Afande umekuja na kamba. Unatufunga au unatuuzia?"

"Nimekuja kuwapa pole. Na naomba maji, koo limekauka."

"Maji hayanyimwi mtu. Hata polisi."

Walipita ukumbini mpaka uani. Mikeka ya msiba ilikuwa bado haijakunjwa. Mwatima, mama yao, alikuwa ameketi ukutani peke yake, mwembamba kama marehemu alivyokuwa kwenye picha, tasbihi imelala mapajani bila kuguswa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Poleni kwa msiba."

"Tushapoa."

Kisima kilikuwa pembeni mwa ua. Bibiana alikwenda mwenyewe kuteka. Ndoo ilikuwa kuukuu, mkono wake umekula kutu. Kamba ilikuwa mpya, nyeupe, haijaota hata alama ya kijani. Lakini kwenye ukingo wa kisima, kamba ya miaka yote ilikuwa imejichimbia mfereji, na ndani ya mfereji nyuzi ndogo za buluu zilikuwa zimeng'ang'ania saruji. Alichukua kitanzi cha kamba aliyokuja nayo, akakivisha mkono wa ndoo. Kutu ikakaa juu ya kutu.

"Kamba za buluu Tanga hii zimejaa," alisema Mjaka nyuma yake. "Nenda sokoni, zote zitavaa ndoo hiyo."

"Ni kweli." Bibiana aligeuka, akamtupia ncha ya kamba. "Hebu nionyeshe. Mpanda anashikaje hatamu?"

"Kumbe unataka kupanda?"

"Nataka kuona."

Mjaka aliichukua kamba akicheka puani. Mkono wake ulifanya wenyewe, bila kumwuliza: kamba ikapita juu ya kifundo, ikazunguka, ikazunguka tena, kidole gumba kikaibana kwa chini.

"Wote wanazungusha hivyo?"

"Wenye punda wao hawazungushi. Wao wakianguka wanaachia, punda akikimbia ni wake. Wa kukodiwa akimwachia punda wa watu, akapotea au akavunjika mguu, hapandishwi tena na mtu. Kwa hiyo anajifunga. Anguka, lakini usi..."

Alikomea hapo. Aliutazama mkono wake uliofungwa.

"Usiachie," alimalizia Bibiana. "Daktari aliuona mkono wa Uweso. Ngozi imetoka kuzunguka kifundo, mara mbili, kama ulivyofanya wewe sasa hivi. Aliburutwa, Mjaka. Na kwenye mbio hakuburutwa. Nimeitazama picha mpaka mwisho. Aliinuka, akamvuta Tarishi kwa hatamu nzima."

"Picha zinadanganya."

"Hatamu ingekuwa imekatwa na adui, ingekatika, naye asingeburutwa popote. Iliyokatwa ni hatamu iliyokuwa imembana. Mwenye kisu alikuwa anajaribu kumwokoa."

Huko barazani mtu alipita akapiga kengele ya baiskeli kuita fundi, akaita tena, akaenda zake. Mjaka alianza kuifungua kamba mkononi, mzunguko mmoja, halafu vidole vikashindwa.

"Nilichelewa," alisema. "Kisu kilikuwa kwenye mkoba wa baiskeli. Na mguu wangu huu."

"Mlimrudisha juu."

"Jua lilikuwa limebaki kidogo. Uwanjani hamna mtu. Aliniambia kichwa kinamgonga, mwanga unamchoma macho. Nikamwambia sote vichwa vinatugonga, panda. Tarishi hakukitaka kile kiunzi. Alifika, akakigeuzia mgongo, na Uweso akaenda kinyumenyume, kisogo kikapiga mlingoti. Halafu punda akakimbia naye. Nami nyuma, nachechemea, namwita punda." Alilipiga goti lake kwa kiganja. "Siyo yeye. Punda ndiye niliyekuwa namwita."

"Hospitali?"

"Nilimlaza juu ya Tarishi nikamleta nyumbani. Alipofika alikuwa anakoroma. Wapanda wakianguka hulala, afande. Mimi nimelala hivyo, babu yetu alilala hivyo. Tukamfunika. Tukasema mwache apumzike, keshapanda, keshamaliza. Hatamu ilikuwa bado mkononi mwake, vidole havikubali kufunguka. Ndipo nikachukua kamba ya kisima nimpeleke punda wa watu. Kurudi kwangu, hakoromi tena."

"Na Manase?"

"Msiba mzima ulikuwa unasema Manase. Waliusikia ule ugomvi, wakaiona kamba imekatwa, wakajipa jibu. Mimi sikusema. Nilinyamaza. Halafu asubuhi wakanitazama kama nisipokwenda polisi mimi si kaka yake. Nikaibeba."

"Mtu yuko ndani kwa kunyamaza kwako. Yule yule aliyetaka kumshusha mdogo wako, kwa kuwa alikuwa haoni tena kiunzi kiko upande gani."

Mjaka alifunika uso kwa mkono ule ule uliofungwa kamba. Mji huu ulijua kumpigia makofi anayeruka. Ulijua kumcheka anapotua. Na alipokufa ulijua kumtafutia mwuaji aliye jirani. Neno la kumwambia pumzika haukuwa nalo.

"Mwache," alisema Mwatima.

Walikuwa wamemsahau. Hakuwa ameinuka ukutani.

"Hakwenda kwa kichwa chake. Mimi ndiye niliyewatuma. Uweso alirudi baada ya mbio, akaja akakaa hapo ulipo wewe, na punda nje. Nikamwuliza, umerudi juu? Akasema, leo sitaki, mama. Hivyo tu. Leo sitaki." Mwatima aliiokota tasbihi, akaitazama, akaiweka chini. "Baba yangu alikuwa mpanda. Nimekua naona watu wanarudishwa juu, damu zinawatoka masikioni. Nikamwambia, babu yako hakuwahi kusema neno hilo. Akainuka. Hata chai hakumaliza."

"Mama, nyamaza," alisema Mjaka.

"Nimenyamaza siku zote hizi, imenisaidia nini? Ile kamba niliifungua mimi mwenyewe kwenye ndoo. Nilijua ile hatamu imekwenda polisi. Kwamba yuko mtu kalala ndani kwa ajili yake, wallahi, nalisikia leo."

Bibiana aliifungua kamba mkononi mwa Mjaka, taratibu, akaikunja.

"Mjaka, utakuja nami. Utaandika maelezo mapya, na leo hii. Umelipelekea jeshi la polisi ushahidi usio wa kweli, na mdogo wako ulimpandisha wewe hali ameumia, akafa. Yote mawili yatakwenda kwa hakimu. Manase atatoka."

"Najua."

"Na mimi?" aliuliza Mwatima.

"Wewe hukumgusa mtu, mama."

"Nauliza, na mimi?"

"Ulisema maneno. Mtu mzima akayafuata. Sheria haina kifungu cha hilo."

"Kwa hiyo nililofanya halina jina."

"Kwenye sheria, halina."

Mwatima alitingisha kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa bei asiyoiweza. Aliegemea ukuta akainuka, akaja hadi mbele ya Bibiana. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake.

"Sikiliza, mwanangu. Mmoja nimemzika. Huyu unamchukua. Watu watakuja hapa jioni, watakaa kwenye mikeka hii, watanishika mikono. Watasema maskini Mwatima, wanawe. Watasema kaka kamuua mdogo wake. Na mimi nitapewa pole." Sauti haikutetemeka, ilikuwa imekauka tu. "Siwezi kuishi na pole hiyo. Umfungue huyu, sikuombi. Nakuomba hivi: siku ya hakimu, utakaposimama kueleza nani kampandisha Uweso, kabla hujalitaja jina la Mjaka, ulitaje langu. Mbele ya watu wote. Wasikie."

"Mama, haitamsaidia. Haitapunguza kitu."

"Nimekuuliza kama inapunguza?"

Mjaka alikuwa ameshafika mlango wa ukumbini. Alisimama hapo, mgongo kwao, anasubiri kuchukuliwa.

Katika miaka yake yote ya kazi Bibiana Mntambo hakuwa amemwahidi kitu mtu wa msiba. Alikuwa ameona ahadi za askari zinavyoishia. Aliihamisha kamba ya kisima kwapani, akaushika mkono wa mwanamke yule. Ulikuwa mwepesi, mifupa mitupu.

"Nakuahidi, mama," alisema, kwa sauti ya kumfikia na yule aliye mlangoni. "Nikisimama mbele ya hakimu, nitasema Mwatima kwanza."